Plastiki ya Mto Nairobi inaokotwa, lakini floraidi ya mafundi wa stenlesi inapimwa na nani?

TANGU mwaka wa 2024 tumezoea kuwaona vijana wa mpango wa Climate WorX wakiwa ndani ya gambuti kando ya Mto Nairobi, wakivuta chupa, nepi na matambara kutoka kwa matope. Machi 2025 serikali ikazindua mradi mwingine mkubwa zaidi wa kufufua mto huo. Wapo wanaobeza kazi hiyo, ati ni kibarua cha kisiasa. Mimi siibezi. Aliyewahi kuvuka mtaro wa mtaani mvua ikinyesha anajua tofauti iliyopo mtaro ukiwa umezibuliwa.

Lakini plastiki ina wema mmoja: inaonekana. Ukiiokota, imetoka. Kuna uchafu mwingine unaoteremka kwa mitaro iyo hiyo bila rangi wala harufu, haushikiki kwa reki, na njia pekee ya kujua upo ni kuupima. Leo nataka tuzungumzie aina moja ya uchafu huo, floraidi. Inatoka kwa kazi ambayo vijana wengi wetu tunaifanya au tunaipita kila siku bila kuitazama mara mbili, yaani kusafisha stenlesi kwa asidi.

Hebu pita karibu na karakana yoyote ya fundi wa stenlesi. Siku hizi kazi ni nyingi manake kila mtu anataka reli za ngazi zinazong'aa, meza za jikoni la hoteli, masinki, na zile mashine tunazoziita ATM za maziwa. Fundi akimaliza kuchomelea, utaona kando ya kiungo rangi kama za upinde wa mvua: manjano, kahawia, buluu. Mteja hazitaki. Basi fundi anachukua brashi, anapaka pesti ya asidi, anangoja kidogo, kisha anafungua mfereji na kuosha. Rangi zimeisha. Maji yamekwenda kwa mtaro.

Rangi zile si suala la urembo tu. Stenlesi huitwa stenlesi kwa sababu ya kromiamu. Chuma kinahitaji angalau asilimia 10.5 ya kromiamu ili kipate jina hilo. Aina ya 304, inayotumiwa sana kwa vyombo vya chakula, ina karibu asilimia 18, pamoja na nikeli karibu asilimia 8. Kromiamu ikikutana na hewa hujenga utando mwembamba usioonekana, na utando huo ndio kinga dhidi ya kutu. Moto wa kuchomelea huivuta kromiamu kutoka kwa ngozi ya chuma na kuigeuza gamba. Chini ya gamba hilo linabaki tabaka lililopungukiwa kromiamu, na hapo ndipo kutu huanzia. Kwa geti la nyumba hiyo ni aibu. Kwa tangi la maziwa ni vijishimo ambamo bakteria wanapata mahali pa kujificha.

Kuondoa gamba na tabaka hilo dhaifu kunahitaji mchanganyiko wa asidi mbili: asidi ya nitriki kwa wingi, na asidi ya haidrofloriki kidogo. Hiyo ya pili ndiyo yenye floraidi, na ndiyo inayofanya kazi ngumu.

Fundi mmoja kijana niliyemkuta akipaka pesti hiyo mikono mitupu aliniambia, "Hii haichomi saa hiyo, braza. Usiku ndio utaijua." Alisema kweli kuliko alivyodhani. Asidi ya haidrofloriki ikiwa hafifu hupenya ngozi bila kuuma papo hapo, na uchungu unaweza kuchelewa hadi saa 24. Ndani ya mwili floraidi hunyakua kalisiamu na magineziamu, na ikiwa nyingi moyo unaweza kupoteza mdundo wake. Huduma ya kwanza ni kuosha kwa maji mengi, kupaka jeli ya kalisiamu glukoneti, kisha hospitali mbio. Karakana yake haikuwa na jeli hiyo. Hakuwa hata amewahi kuisikia.

Nilipomuuliza maji ya kuoshea yanaenda wapi, alinionyesha kwa kidevu upande wa mtaro. "Si ni maji tu, imeshaoshwa."

Tupige hesabu ndogo ya hayo "maji tu". Chukua pesti ambayo asilimia 5 ya uzani wake ni asidi ya haidrofloriki. Katika kilo moja ya pesti hiyo kuna gramu 50 za asidi, na kwa kuwa karibu uzani wake wote ni floraidi, unapata gramu 47 na nusu za floraidi. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka wa 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, ziliweka kiwango cha juu cha floraidi katika maji taka yanayomwagwa kwenye mazingira kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Ili gramu 47 na nusu zifike kiwango hicho kwa kuzimuliwa tu, unahitaji zaidi ya lita 31,000 za maji. Hayo ni malori matatu ya maji ya lita 10,000, na bado hayatoshi, kwa kilo moja ya pesti.

Na hata ungekuwa na malori hayo, floraidi haijapungua hata chembe. Umeitandaza tu. Hapa ndipo mimi hutofautiana na watu wanaotazama kiwango cha "miligramu kwa lita" peke yake. Mwenye kiwanda anayefungua mfereji kwa saa mbili kabla mkaguzi hajafika anaweza kupata namba nzuri huku mto ukipokea gramu zile zile. Ripoti ya maana inataja pia ni lita ngapi zimetoka kwa siku.

Sasa, mbona floraidi itushughulishe hivyo wakati nchi yetu yenyewe imejaa floraidi? Swali ni la haki. Maziwa ya Nakuru na Elementaita yamewahi kupimwa yakapatikana na zaidi ya miligramu 1,000 kwa lita, kazi ya volkano wala si ya kiwanda. Mtu yeyote aliyesoma na watoto wa Naivasha, Gilgil au Nakuru anayajua meno ya kahawia, na anajua utani waliokumbana nao bweni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi kwa miaka mingi utotoni meno huharibika, na yakizidi sana mifupa nayo hukakamaa. Kwa hivyo sisemi kwamba meno ya kahawia ya Bonde la Ufa yameletwa na mafundi wa stenlesi. Hapana. Ninachosema ni kwamba nchi ambayo tayari inapokea floraidi nyingi kutoka ardhini haina nafasi ya kuongezewa nyingine kutoka juu.

Jambo hilo lina upande wa pili ambao watu wa karakana wana haki ya kuudai. Visima vingi virefu vya Nairobi hutoa maji ambayo tayari yamezidi miligramu 1.5. Fundi akitumia maji ya kisima kama hicho, anaweza kukamatwa kwa floraidi aliyouziwa kwa mtungi. Kabla ya kupima maji yanayotoka, pima yanayoingia. Ni kipimo cha ziada, ndiyo, lakini bila hicho humtendei haki fundi wala mto.

Niseme sasa jambo lililonifanya niandike makala haya: hata wale wanaopima, mara nyingi namba wanayoipata ni ndogo kuliko ukweli. Si lazima mtu awe amehongwa. Kemia yenyewe inadanganya.

Nilijifunza hilo nikiwa atachmenti katika maabara moja. Kuna kampuni iliyoleta maji yaliyotoka kuoshea stenlesi. Tulitumbukiza elektrodi, tukasoma, namba ikawa ndani ya sheria. Mimi nilikuwa tayari kuiandika. Msimamizi wetu, mama ambaye hakuwa na haraka na chochote, akatazama rangi ya yale maji, kijani iliyofifia, akauliza, "Hii ni ya nini?" Tukamwambia. Akasema, "Basi rudieni. Humo kuna chuma na kromiamu." Tuliporudia kwa njia ndefu, namba ilipanda mara kadhaa. Mteja alipopigiwa simu, alitaka ile ya kwanza. Alipewa ya pili, na hatukumwona tena.

Elektrodi ya floraidi ni kifaa cha ajabu kidogo. Ncha yake ni fuwele ya floraidi ya lanthanamu iliyotiwa yuropiamu kidogo, na Martin Frant na James Ross walikieleza kifaa hicho katika jarida la Science mwaka wa 1966. Fuwele hiyo inaruhusu floraidi tu kupenya, na kifaa kinasoma volteji. Katika nyuzi 25 za selsiasi, floraidi ikiongezeka mara 10, volteji hubadilika kwa karibu milivolti 59. Maana yake ni kwamba ukikosea milivolti moja tu, umekosea floraidi kwa karibu asilimia 4. Ndiyo maana sampuli na maji ya kusawazishia kifaa lazima yawe na joto moja. Sampuli iliyoshinda kwa buti la gari kwenye jua la Mlolongo haipimwi ikiwa bado moto.

Lakini elektrodi inaona floraidi iliyo huru tu. Ile iliyoshikwa na kitu kingine haionekani kwake. Na maji ya kuoshea stenlesi yana vishikaji vya kila aina. Yakiwa makali, floraidi inashikwa na haidrojeni. Katika pH ya karibu 3.2, nusu yake imejificha hivyo. Kisha asidi imeyeyusha chuma na kromiamu kutoka kwa stenlesi yenyewe, na vyote viwili hukumbatia floraidi kama ndugu waliopotezana. Kwa upande mwingine, maji yakiwa yametiwa chokaa mpaka yakapita kiasi, elektrodi huchanganyikiwa na kuhesabu hidroksidi kana kwamba ni floraidi. Maji machafu yanapewa namba ndogo kuliko haki yake na yaliyotibiwa yanaweza kupewa kubwa. Mtu akizipanga hizo mbili kwa ripoti moja, atakuwa amechora picha isiyofanana na kitu chochote.

Dawa ya kwanza ni bafa, kimiminiko kinachochanganywa na sampuli kabla ya kusoma. Huleta pH hadi kati ya 5 na 5.5, husawazisha chumvi, na huwa na kemikali kama sitreti inayowanyang'anya chuma na aluminiamu ile floraidi. Kwa maji ya mfereji au ya kisima, hii inatosha. Kwa maji ya stenlesi huenda isitoshe, hasa kwa sababu ya kromiamu. Chuma huachilia upesi kikinyang'anywa. Kromiamu ni bahili, huachilia polepole sana. Mpimaji mwenye haraka husoma dakika chache baadaye na kuondoka.

Wengine hutumia jaribio la kuongeza: unatia floraidi ya kiasi unachokijua, unapima tena, unaona kama imerudi yote. Ni jaribio zuri, na maabara isiyolifanya inafaa kuulizwa kwa nini. Ila hata hilo lina mtego kwa kromiamu, manake floraidi uliyoitia sasa hivi haijapata wakati wa kushikwa. Inarudi yote huku ile ya zamani bado imefungwa, nawe unajipongeza.

Kuna pia njia ya rangi, ile ya zikoniamu na dai jekundu. Floraidi hunyakua zikoniamu na rangi inapauka. Kadiri inavyopauka ndivyo floraidi ilivyo nyingi. Vifaa vyake ni rahisi na vinabebeka, ndiyo maana vinapendwa nyanjani. Lakini chuma na aluminiamu huiharibu hesabu, na maji ambayo yana rangi yake mwenyewe, kijani ya kromiamu kwa mfano, si ya kupimwa kwa jicho la rangi.

Njia ndefu aliyoturudisha msimamizi wetu ni ya kukeneka, na kusema kweli inafanana na kazi ya wapishi wa chang'aa, tofauti ni kwamba hakuna anayeonja. Sampuli inachemshwa pamoja na asidi kali ya salfuriki hadi nyuzi 180. Floraidi inaachana na chuma na kromiamu, inapanda na mvuke, inapozwa kwenye bomba na kudondoka upande wa pili ikiwa peke yake. Metali zinabaki kwa sufuria. Hayo matone ndiyo yanayopimwa kwa elektrodi. Inachukua muda, inahitaji mtu makini, na inaongeza bei. Kwa hivyo mteja anayetafuta karatasi ya kufurahisha wakaguzi ataiepuka, na maabara inayotafuta wateja haitamlazimisha.

Swali la kuuliza ukionyeshwa cheti kinachosema "floraidi 0.9" kwa maji ya aina hii, basi, ni moja: ilikenekwa? Na la pili: sampuli ilichujwa kabla? Manake maji yaliyotibiwa kwa chokaa huwa na unga mwembamba wa floraidi ya kalisiamu unaoelea kwa muda mrefu kabla ya kutulia. Ukiuchuja, umeutoa kwa hesabu, ilhali mto hauchuji. Hata chupa ina neno lake. Asidi hii hula kioo, kwa hivyo sampuli huwekwa kwa plastiki. Mtu akikuletea kwa chupa ya soda ya kioo, mshukuru kwa nia njema na umwambie akachote nyingine.

Kuna njia nyingine ya kuushuku uongo hata kabla ya kufika maabara, nayo ni chokaa. Njia ya kawaida ya kutibu maji haya duniani ni kuyatia chokaa. Kalisiamu inashikana na floraidi, zinakuwa unga, unga unatulia. Chuma, kromiamu na nikeli nazo hutulia kwa matope yale yale. Ni rahisi, na chokaa inapatikana hadi dukani kwa vifaa vya ujenzi. Tatizo ni kwamba floraidi ya kalisiamu yenyewe huyeyuka kidogo, karibu miligramu 16 kwa lita, na hiyo pekee inabakisha karibu miligramu 8 za floraidi. Kwa vitendo mitambo mingi ya chokaa peke yake hubaki kati ya miligramu 10 na 20 kwa lita.

Sasa linganisha na sheria. Japani inaruhusu miligramu 8 kwa lita kwa maji yanayomwagwa mitoni na maziwani, na 15 yakienda baharini. India inaruhusu 2 kwa maji ya bara. Sisi kanuni za 2006 zilisema 1.5, kiwango kile kile cha maji ya kunywa. Kwa hivyo kiwanda kinachokwambia kina tangi la chokaa tu na kinatoa miligramu 1.2 kila mara, kina moja kati ya haya: kinazimua, kinapima vibaya, au kimegundua kemia mpya.

Mimi siungi mkono wazo la kulegeza kiwango. Mto wetu si mpana kama ya wenzetu, na wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya kinachopita humo ni maji taka yenyewe. Lakini tukubali kwamba 1.5 inahitaji hatua ya pili baada ya chokaa: kutia shabu ili aluminiamu inyakue kilichobaki, au kupitisha maji kwenye alumina, au kwenye mkaa wa mifupa. Hiyo ya mwisho si ngeni kwetu. Mpango wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru umetengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe kwa miaka mingi ili kupunguza floraidi kwa maji ya kunywa. Mkaa huo hauwezi kubeba maji makali ya moja kwa moja kutoka kwa pesti, ungeshiba siku ya kwanza. Baada ya chokaa, hata hivyo, ni jambo la kujaribiwa, na ujuzi wake uko hapa nyumbani.

Fundi wa mtaani hawezi kujenga haya peke yake, na hapa ndipo nalaumu mipango yetu. Tunamwandikia sheria ya kiwanda kikubwa mtu mwenye mashine moja ya kuchomelea na brashi, halafu tunajifanya tumemaliza. Tumejenga masoko na vibanda vya jua kali kaunti baada ya kaunti. Tangi moja la pamoja la chokaa na shabu kwa kila eneo la mafundi wa chuma, na pipa la kukusanyia matope yake yaende kunakofaa, si ndoto ya mchana. Wahitimu wa kemia na teknolojia ya maabara wanaozunguka na bahasha za kuomba kazi wangeliendesha.

Hadi hapo, kuna yanayowezekana bila kusubiri mtu. Kazi ya reli ya ngazi haihitaji pesti kila mara. Brashi ya waya ya stenlesi na kusugua vizuri inatosha kwa mengi. Kuna mashine zinazosafisha kiungo kwa umeme na asidi ya fosforiki, zisizotumia haidrofloriki, ingawa nazo bado hutoa maji yenye kromiamu. Asidi ya sitriki husaidia kujenga upya utando, lakini haiondoi gamba zito, kwa hivyo usidanganywe na muuzaji. Kwa tangi la maziwa pesti bado ina nafasi yake. Hapo basi, maji ya kwanza ya kuosha, yale machache yenye karibu floraidi yote, yakingwe kwa pipa badala ya kuachiliwa. Kukinga lita 20 za mwanzo ni rahisi kuliko kufukuza lita 31,000 baadaye.

Na msidhani mabomba ya majitaka yatatuokoa. Maji yanayofika mabwawa ya Ruai husafishwa na bakteria, na bakteria hula kinyesi na mabaki ya chakula. Floraidi hawali. Inaingia na kutoka. Inayokwenda kwa mtaro huishia Mto Ngong au Mto Nairobi, kisha Athi, kisha Sabaki hadi bahari karibu na Malindi, na njiani kuna watu wanaonyunyizia sukuma wiki.

Kuhusu wakubwa, kanuni zilezile za 2006 ziliwataka wanaomwaga maji taka wapime wenyewe na kupeleka rekodi kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, kila baada ya miezi mitatu. Rekodi hizo zipo mahali. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Klabu ya mazingira ya chuo inaweza kuandika barua hiyo jioni moja. Msiombe namba peke yake. Ombeni njia iliyotumika kupima, kiasi cha maji kwa siku, na kipimo cha maji yaliyoingia.

Nilirudi kwa yule fundi wiki mbili baadaye. Alikuwa amenunua glavu, si zile ndefu zinazotakiwa, na amekata pipa la plastiki la kukingia maji ya kwanza. Ndani alikuwa ametia chokaa iliyobaki kwa jirani anayepaka rangi nyumba. Maji ya juu yalikuwa maangavu kabisa, chini kumelala tope la rangi ya kutu na kijani. "Si sasa ni safi?" akaniuliza. Tukachota chupa mbili za plastiki, moja ya pipa na moja ya mfereji wake, akaandika tarehe na saa kwa kila moja kwa kalamu ya wino mzito. Zimefika maabara Jumatatu. Kwa fomu, mahali pa maelekezo, nimeandika: zikenekwe kwanza.